Digna, Sentimita Kumi

Kusoma daftari la mtu mwingine ni dhambi, na mimi nilikuwa nimeshapanga siku ya kuitubu kabla hata sijalifungua.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita, wakati wa kuvuna mpunga, na Ifakara nzima ilinuka mabua. Kazi ya kubeba madaftari ya fizikia kutoka maabara hadi nyumbani kwa Bruda Raimundi ilikuwa yangu, Apolonia binti Tadei, tangu mwanzo wa muhula. Yalikuwa madaftari kumi na sita. Kumi na tano niliyatwika kichwani kama ilivyo desturi yangu. La kumi na sita nililishika mkononi, kwa sababu kwenye jalada lake paliandikwa Wendelin.

Nikueleze kwanza habari za Wendelin, usije ukadhani nilikuwa mpelelezi tu. Alikuwa kijana wa Masagati, huko juu kupita Mlimba, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kujishika sikio akiwaza. Kwa mwaka mzima tulitazamana. Alinitazama kanisani, akanitazama kisimani, na siku moja nilipoangusha madaftari yote njiani aliyaokota moja moja akiyapangusa vumbi kwa shati lake, akasema, "Apolonia, kichwa chako kinabeba mengi." Sikulala usiku ule. Jumanne ya wiki hiyohiyo ninayoisimulia, mjomba wake, Mzee Fulgensi, alikuwa ameshuka kutoka Masagati na barua ya posa, akaifikisha kwa baba yangu kule Lipangalala. Nilikuwa mchumba wa mtu, bado kutamkwa tu.

Sasa njoo kwenye maabara. Chuo chetu kilikuwa cha ualimu, cha misheni, na sisi wasichana tulitoka kwa masista kuja kusoma fizikia na wavulana kwa sababu vifaa vilikuwa kwa Bruda peke yake. Hata hivyo havikutosha. Betri na glopu zilitosha watu wanane, lenzi zilitosha wanane. Bruda akatugawa: nusu wafanye umeme, nusu wafanye mwanga, baada ya wiki tatu tubadilishane. Mimi nikaangukia umeme, na mwenzangu wa mezani akawa Balbina, ambaye mdomo wake haukuwa na swichi. Wendelin akaangukia mwanga. Mwenzake wa mezani akawa Digna.

Huyo Digna alikuwa binti wa fundi anayetengeneza koroboi pale sokoni. Mweusi wa kung'aa, mashavu yenye vishimo, kicheko cha kusikika hadi kanisani. Na chumba cha mwanga, mpenzi msomaji, ndicho kilikuwa chumba chenye giza kuliko vyote pale chuoni. Bruda alifunika madirisha kwa mablanketi, akafunga mlango, wakabaki na mshumaa mmoja kila meza. Sista alipokuja kukagua alipiga ishara ya msalaba, kisha akatoa amri: kati ya mvulana na msichana ipite rula moja. Rula zetu zilikuwa za sentimita thelathini, maana Bruda alitoka nchi ya sentimita na futi hakuzipenda.

Wiki tatu nilikaa chumba cha pili nikifunga waya, huku masikio yangu yote yakiwa ukutani.

Kwa hiyo siku ile, nyuma ya banda la baiskeli, nililifungua daftari. Bruda alitutaka tuandike kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho tutakachofundishia, na tuandike kila tunachokiona, hata tusichokielewa. Wendelin alikuwa ametii. Mwandiko wake mzuri, wa kulala kidogo, ulisema hivi:

*Digna, sentimita 45: mdogo, kichwa chini.*

*Digna, sentimita 30: sawa na alivyo mwenyewe. Kichwa chini.*

*Nimemsogeza. Digna, sentimita 20: amekuwa mkubwa. Bado kichwa chini.*

*Digna, sentimita 15: amenipotea. Nimemtafuta ukutani, hayupo.*

*Digna, sentimita 10: ukutani hayupo, lakini nikimtazama kwa jicho langu mwenyewe ni mkubwa, ameinuka, anapendeza. Nimerudia mara tatu.*

Nikayatua madaftari ya watu, nikayakalia.

Rula moja ni sentimita thelathini, na huyu alikuwa ameshafika kumi! Tena anaandika! Msichana kaanza mbali, kichwa chini kwa haya kama binti aliyefundwa. Mwanamume anamsogeza. Bado kichwa chini. Anamsogeza tena, msichana anajibanza gizani asionekane, anatafutwa ukutani, halafu anainua uso, wanatazamana jicho kwa jicho. Anapendeza. Mara tatu! Na mjomba wake amelala kijiji kimoja na baba yangu akingoja jibu la posa!

Nililifunga daftari, nikaliweka chini kabisa ya mengine ili nisilione, nikampelekea Bruda yote kumi na sita.

Balbina nilimkuta anafagia maabara ya umeme. Nilitaka kunyamaza. Lakini wivu haunyamazi, unatoka hata puani.

"Balbina, wale wa mwanga hutoka saa ngapi?"

"Wote hutoka kengele ikilia," akasema. Kisha akasimamisha ufagio. "Isipokuwa wawili."

"Wawili gani?"

"Usiniulize, Apolonia. Mimi sipendi maneno."

"Balbina!"

"Basi usinitaje. Wendelin na Digna wanabaki. Tangu Jumatatu. Mlango wameurudisha, na mimi nikipita nasikia, 'Taratibu, utaniumiza kidole.' Mara wanacheka. Jana Digna ametoka anapuliza mkono, na Wendelin nyuma yake anasema, 'Usimwambie mtu, eh? Hasa yeye.'"

"Hasa nani?"

Balbina aliniangalia kwa huruma mbaya sana, ile huruma ambayo ni afadhali mtu akuchape. Akaendelea kufagia.

*

Baba yangu, Mzee Tadei, alikuwa katekista. Jumapili kanisani ndiye aliyesoma matangazo ya ndoa, mara tatu kwa Jumapili tatu, na mambo mengine yote ya maisha aliyapeleka hivyohivyo. Hata ng'ombe hakununua kabla ya kujiuliza mara tatu. Barua ya Wendelin ilipoletwa aliiweka bila kuifungua katikati ya kitabu chake cha ibada, akasema, "Sitaifungua mpaka nimwulize binti mara tatu." Mara ya kwanza aliuliza Jumanne ileile. Nilitazama chini nikachezea kanga yangu, naye akaelewa kwamba mambo ni mazuri, akaguna.

Aliguna kwa sababu Masagati hakuipenda. "Masika ikianza hakuna njia," alikuwa akimwambia mama. "Binti yangu akiugua, nitapata habari ameshapona au ameshazikwa."

Alhamisi jioni, nimerudi kwetu kama kila siku, tumemaliza ugali na kambale, mama anapepeta mchele wa kesho, baba akapangusa mikono.

"Apolonia, mwanangu. Nakuuliza mara ya pili. Barua hii ya mtu wa Masagati tuipokee?"

"Irudishwe."

Ungo wa mama ulisimama hewani.

"Umesemaje?" baba akauliza.

"Irudishwe, baba. Kama ilivyo, na gundi yake. Simtaki."

"Kuna neno?"

"Hakuna neno. Masagati ni mbali."

Nilimwona anavyojitahidi asifurahi. Alikohoa, akajishughulisha na kitabu chake. "Basi, yamekwisha. Mzee Fulgensi anaondoka Jumamosi na lori la mpunga. Nitamwita saa sita mchana, nimkabidhi kwa heshima. Barua ikirudi, mwanangu, imerudi. Hakuna mtu wa heshima anayeleta mara mbili."

"Najua, baba."

Baba alipokwenda kulala, mama alinisogelea. "Jumanne ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya. Leo kuna nini?"

"Moshi wa kuni tu, mama."

"Moshi hauna jina?"

Nililala uso ukutani nikalia bila sauti, nikimwona Digna kwa sentimita kumi.

*

Ijumaa maabarani Bruda alitupa kazi rahisi: betri moja, glopu moja ya tochi, swichi, tuone glopu ikiwaka. Kisha tuongeze betri ya pili, tuandike mwanga umeongezeka kiasi gani. Basi.

Kicheko cha Digna kilipita ukutani.

Nikaongeza betri ya tatu.

"Apolonia, amesema mbili," Balbina akanong'ona.

Kicheko tena, na sauti ya Wendelin inasema jambo, ya chini, ya upole, ileile iliyosema kichwa changu kinabeba mengi. Nikaunga betri ya nne na ya tano, nikabonyeza swichi. Glopu iliwaka nyeupe, nyeupe kabisa, ikafanya "ti!" na kufa. Kioo chake kiliingia weusi ndani.

Bruda Raimundi alikuja akaiinua mbele ya dirisha. Ndevu zake zilikuwa nyeupe na Kiswahili chake kilitembea polepole. "Hii glopu haikuwa na kosa, Apolonia. Wewe umeipa zaidi ya uwezo wake. Sasa zimebaki saba."

"Nisamehe, Bruda."

"Andika. Andika ulichofanya na ulichokiona."

Niliandika. Machozi yakaharibu wino.

Kengele ilipolia nilitoka mbio, lakini Wendelin alikuwa ameniwahi mlangoni. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa, na nilijua ni Digna aliyemfunga.

"Apolonia, ngoja. Jana hukunisalimu. Leo unapita kama hunioni. Nimekukosea nini?"

"Kaulize rula yako."

"Rula?"

"Ndiyo, rula. Ina sentimita ngapi?"

Alijishika sikio. "Thelathini."

"Vizuri. Hesabu unazijua."

"Mpenzi wangu, sikuelewi. Mjomba wangu yuko kwenu anangoja, nami moyo hautulii, na wewe unaniuliza rula?"

"Usiniite hivyo. Muite anayependeza."

"Nani anapendeza?"

"Mimi sijui. Mimi sina jicho lako!" Nilimpita nikaenda zangu. Nilitegemea atanifuata. Alinifuata hatua tatu, kisha Digna akamwita kutoka ndani, "Kaka Wendelin, njoo, umebaki mguu tu!" naye akasita, akageuka, akaingia gizani.

Ningekuwa na betri ya sita siku ile ningeichoma misheni yote.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya kubadilishana. Sisi wa umeme tuliingia chumba cha mwanga, wao wakaenda kwenye waya. Tulipishana mlangoni. Wendelin alinitazama, nami nikatazama paa. Digna alinitabasamia, vishimo vyote viwili, nikamwombea viingiwe na mchanga.

Ndani mablanketi yalishushwa, joto likatufunika, harufu ya nta ikapanda. Kwenye kila meza palikuwa na rula ndefu ya mbao, lenzi moja kwenye kishikizo, na ukutani karatasi nyeupe. Bruda akawasha mshumaa wa meza yetu.

"Leo tunaanza," akasema. "Lenzi hii inakusanya mwanga. Tunahitaji kitu cha kutazama, tuone picha yake ukutani. Balbina, mlete Digna."

Nilishtuka. "Digna yuko kwenye umeme, Bruda."

"Huyo ni Digna mwenyewe. Mimi nataka Digna wa bati."

Balbina alichukua rafuni kipande cha bati la kopo la mafuta, kimesimamishwa kwenye kigingi. Katikati kilitobolewa umbo la mtu mdogo aliyevaa gauni. Chini yake mtu alikwaruza kwa msumari: DIGNA.

"Digna alikikata wiki ya kwanza," Bruda akaeleza. "Baba yake fundi, mikono anayo. Ndiyo maana wavulana wamekipa jina lake. Haya, Apolonia. Mshumaa nyuma yake. Mweke Digna sentimita arobaini na tano."

Nilimweka. Ukutani kikatokea kidoa cha mwanga, nikaisogeza rula nzima kama Bruda alivyonionyesha, kidoa kikajikusanya, kikawa mtu. Mtu mdogo wa mwanga, miguu juu, kichwa chini.

Kichwa chini!

"Andika," Bruda akasema. "Mdogo, kichwa chini. Sasa sentimita thelathini."

Sawa na alivyo mwenyewe. Kichwa chini.

"Msogeze. Ishirini."

Mkubwa. Bado kichwa chini.

"Kumi na tano."

Akanipotea. Nilimtafuta ukutani hayupo, na huku nikimtafuta nilikuwa nalia wazi, Balbina ananivuta kanga ananiuliza nimeungua wapi.

"Sasa kumi," Bruda akasema, "na usitazame ukuta. Inama, tazama ndani ya lenzi kwa jicho lako mwenyewe."

Niliinama. Alikuwa pale, mkubwa, ameinuka, miguu chini kichwa juu, gauni lake linawaka kwa mshumaa. Na kweli alikuwa anapendeza. Hata mimi ningerudia mara tatu.

"Bruda," nikasema, "Wendelin aliandika hivi hivi?"

"Vizuri sana aliandika. Kumi juu ya kumi." Bruda alikuwa anapekua rafu. "Lakini anasema Digna amechakaa. Amenikatia mwingine, wiki nzima anabaki hapa baada ya kengele. Digna mwenyewe anamfundisha kukata. Vidole vyake, maskini! Ameharibu makopo manne. Jana ndiyo amemaliza mguu. Amesema nisimtoe mpaka ninyi mje. Haya, tumwone."

Akamtoa Digna, akaweka bati jipya, kingo zake zimekunjwa kwa subira. Sentimita thelathini. Ukutani akatokea msichana wa mwanga, kichwa chini miguu juu, na kichwani amebeba kitu kirefu cha mraba, tabaka juu ya tabaka.

"Amebeba nini huyu?" mmoja akauliza gizani.

"Matofali?"

"Madaftari!" Balbina akapiga kelele. "Jamani, ni Apolonia!"

Chumba kizima kilicheka. Bruda alilisogeza bati karibu na mshumaa akasoma chini yake, polepole. "A-po-lo-ni-a. Ndiyo. Ameandika."

Nilisimama pale nikajitazama ukutani, nimepinduliwa. Hapo ndipo nilipokumbuka saa.

"Bruda, saa ngapi?"

"Saa tano na nusu imepita."

"Naomba ruhusa, Bruda. Nimekosea kipimo."

"Kipimo gani? Hujaandika hata..."

"Sentimita kumi!" nikajibu nikiwa mlangoni.

Chumba cha umeme nilikiingia bila hodi. Wendelin alikuwa ameinamia meza yangu ya zamani, waya mdomoni.

"Wendelin! Nimeirudisha barua."

Waya ulianguka. "Barua gani?"

"Yako. Nimekataa. Nilimwambia baba Alhamisi. Saa sita anamkabidhi mjomba wako."

Nilikuwa nimezoea upole wa uso wake kiasi cha kusahau kwamba ulikuwa na mfupa ndani. "Umenikataa," akasema, "tangu Alhamisi. Na jana nilikuuliza nimekosa nini, ukaniambia rula."

"Nilisoma daftari lako."

"Daftari langu lina fizikia tu."

"Lina Digna."

Digna mwenyewe ndiye aliyeelewa kwanza. Alijiziba mdomo, kicheko kikapenya kwenye vidole. "Yesu na Maria! Alidhani ni mimi! Kichwa chini!"

Wendelin hakucheka. "Ulinipima kwa ukurasa mmoja," akasema. "Ungeniuliza neno moja, Apolonia. Moja tu."

Dakika zilikuwa zinakwenda. Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikakimbia.

*

Kutoka misheni hadi Lipangalala si mbali kwa mtu anayetembea. Kwa mtu anayekimbilia maisha yake ni mbali sana. Nilipita kati ya wanawake waliobeba matita ya mpunga, nikapita lori lililokuwa linapakiwa magunia, na dereva akaniambia nipunguze mwendo nisije nikapata ajali. Nilifika uani kwetu pumzi imekatika.

Walikuwa wamekaa kwenye viti viwili vya kamba, bakuli la maji katikati yao. Baba alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Mkono wake wa kulia, umeshikiliwa na wa kushoto kwa heshima, ulikuwa umenyooka mbele. Barua ilikuwa kwenye vidole vya baba upande huu, na kwenye vidole vya Mzee Fulgensi upande ule.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Shikamoo baba. Baba, usiiachie."

"Marahaba. Apolonia, mbona viatu mkononi?"

"Baba, umeniuliza mara ngapi?"

"Ulishajibu, mwanangu. Usituaibishe mbele ya mgeni."

"Mara ngapi, baba?"

Aliwaza. Baba yangu hakujua kusema uongo hata wa adabu. "Mbili."

"Matangazo ya ndoa ni mangapi?"

"Matatu."

"Ukitangaza mawili, padri anafungisha?"

"Hafungishi."

"Na ndoa inavunjika?"

"Haivunjiki. Inangoja la tatu." Baba alinyamaza ghafla, kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Mlangoni mama aliinua ungo akajiziba uso, na ungo ukawa unatikisika.

Vidole vya wazee wote wawili vilikuwa bado kwenye barua. Baba alishusha pumzi ndefu, akaniangalia, na niliona Masagati yote machoni mwake, masika na njia zake zilizokatika. "Apolonia binti Tadei," akasema, kwa sauti yake ya kanisani. "Nakuuliza mara ya tatu. Barua hii tuipokee?"

"Ipokelewe, baba."

"Subirini." Hilo lilikuwa la Mzee Fulgensi. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, na mkono wake haukuiachia. "Mimi nimetembea siku mbili na barua hii. Nimeitwa hapa kurudishiwa. Vidole vyangu vimeshaigusa. Na mimi nina mtoto wa kumwuliza."

Alitazama nyuma yangu. Wendelin alikuwa amesimama kwenye ua, jasho linamchuruzika, na nyuma yake Digna, anatweta, ameukumbatia mfuko wa kitambaa. Wendelin aliwaamkia wazazi wangu mmoja mmoja, bila haraka, kisha akamwamkia mjomba wake.

"Marahaba, mwanangu. Umekataliwa Alhamisi, umekubaliwa Jumamosi. Bado unamtaka?"

Wendelin alijishika sikio. Kuku alivuka ua mzima.

"Kwanza aseme yeye," akasema hatimaye. "Mbele ya wazee. Alinikataa kwa ajili ya nini?"

Ningeweza kusema Masagati ni mbali. Baba angefurahi, mama angeninyamazia, na heshima yangu ingebaki. Lakini nilimtazama Wendelin, vitambaa vile kwenye vidole vyake, nikajua nikisema uongo ataondoka na lori lile.

"Kwa wivu," nikasema.

"Sema kwa nguvu, mjomba hasikii vizuri," Wendelin akasema.

"Kwa wivu! Nilikuwa na wivu hadi nikaunguza glopu ya misheni. Nilisoma ukurasa wako nikadhani umempata mwingine, na badala ya kukuuliza nikakuhukumu. Ninakupenda, Wendelin, na wivu wangu ni mbaya, ujue kabisa. Sijui kama utaisha."

Baba alikunja uso. "Wivu wa nani?"

"Wa Digna, baba."

Wote walimgeukia Digna, maskini, aliyekuwa amekumbatia mfuko wake.

"Siyo mimi, wazee wangu," Digna akasema haraka. "Ni wa bati."

"Wa bati?"

"Yule anayekaa rafuni kwa Bruda. Wa sentimita kumi."

Baba alimtazama Mzee Fulgensi, Mzee Fulgensi akamtazama baba, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne wazee wale wawili walikubaliana juu ya jambo, kwamba sisi wa fizikia hatukuwa na akili nzuri. Mzee Fulgensi ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko chake kilikuwa cha kukohoa, kikamwambukiza mama, kikamfikia hata baba chini ya koti lake.

Wendelin alimwomba Digna mfuko, akatoa lile bati jipya, walilipitia kwa Bruda. Alilishika kwenye mwanga wa saa sita. Kwenye udongo wa ua wetu, karibu na miguu yangu mitupu, kikatokea kivuli cha bati na katikati yake msichana mdogo wa mwanga, mzigo kichwani.

"Tangu jana nimemtazama huyu kichwa chini, mjomba," akasema. "Leo amesimama na amesema kweli. Namtaka."

Mzee Fulgensi akaiachia barua. Baba aliivuta kwake, akaigeuza mara mbili, akaingiza kidole chini ya gundi, na karatasi ikachanika kwa sauti ndogo ambayo hadi leo naisikia. Mama akapiga kigelegele. Digna akadakia, akampita mama, akawapita majirani wote wa Lipangalala, kigelegele cha kufika mtoni, vishimo vyake viwili viking'aa jasho.

Nilimtazama vizuri sana, nione anampigia nani.